Rubani wa Mwisho wa Juma na Siri Anayomficha Daktari

Asubuhi ya Jumamosi, kabla jua halijawa kali, ngurumo za injini ndogo husikika katika Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi. Baadhi ya wanaoshika usukani hawakuajiriwa kurusha ndege. Wamo wafanyabiashara, wahandisi na hata madaktari ambao huruka kwa kujifurahisha. Desturi hiyo si ngeni: Aero Club of East Africa, yenye makao yake uwanjani hapo, ilianzishwa mwaka 1927.

Anayeelekea pwani ya kusini ana safari ya takriban kilomita 450, ambayo kwa ndege ya injini moja huchukua zaidi ya saa mbili. Nyanda za Athi hubaki nyuma, na hewa ikiwa safi kilele cha Kilimanjaro huonekana upande wa kulia. Kisha hufuata wekundu wa udongo wa Tsavo, na hatimaye bahari. Aliyewahi kuyaona hayo akiwa ameshika usukani mwenyewe haoni ajabu mtu kuutumia muda na akiba yake kwa ajili ya furaha hiyo. Wala haoni ajabu kwamba mtu huyo huogopa sana kunyang'anywa.

Cheti ni cha siku moja

Rubani wa namna hii hupimwa afya kwa vipindi. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, cheti cha afya cha rubani binafsi hudumu hadi miezi 60 kabla ya umri wa miaka 40, na miezi 24 baada ya hapo. Aliyevuka miaka 50 hupendekezewa kupimwa kila miezi 12. Hata hivyo, cheti hueleza hali ya mtu siku aliyopimwa. Katika miezi inayofuata ni rubani mwenyewe anayeamua kama leo anafaa kuruka. Tena, tofauti na ndege kubwa za abiria zenye marubani wawili, yeye mara nyingi huwa peke yake. Akilegea, hakuna wa kumpokea usukani.

Mwili unapopanda angani

Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Ndege ndogo nyingi hazina mfumo wa kudumisha kanieneo ya hewa ndani, hivyo rubani anayepanda hadi mita 3,000 huvuta hewa yenye takriban asilimia 70 tu ya kanieneo ya pwani. Uwezo wa kuona gizani huanza kupungua hata katika kimo cha karibu mita 1,500. Mvutaji sigara na mwenye upungufu wa damu huathirika mapema zaidi. Hatari kubwa ya upungufu wa oksijeni ni kwamba humfanya mtu ajione yuko sawa, hata mwenye furaha, huku uamuzi wake ukiharibika.

Wakati wa kushuka kuelekea pwani, hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio lazima isawazishwe kupitia mrija unaounganisha sikio na koo. Mafua huuziba mrija huo. Matokeo yake ni maumivu makali, na wakati mwingine kizunguzungu, katika dakika ambazo rubani anahitaji utulivu zaidi.

Sikio la ndani nalo hudanganya. Gizani au ndani ya ukungu, rubani asiyeona upeo wa macho anaweza kuhisi anaruka sawasawa ilhali ndege inapinda na kushuka. Ndivyo wachunguzi wa Marekani walivyoeleza ajali ya Julai 1999 iliyomuua John F. Kennedy Mdogo, mkewe na shemeji yake: rubani alipoteza mwelekeo juu ya bahari, usiku wenye utusitusi.

Dawa ndogo, athari kubwa

Wachunguzi wa ajali za ndege nchini Marekani wamebaini kwamba dawa ya kulevya akili inayopatikana mara nyingi zaidi katika miili ya marubani waliofariki ni difenhidramini. Hiyo ni dawa ya mzio iliyomo katika vidonge vingi vya mafua na usingizi vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Mamlaka ya anga ya Marekani humtaka rubani asubiri saa 60 baada ya kuimeza. Klorofeniramini, inayojulikana na wengi kwa jina la Piriton, ni ya jamii hiyo hiyo na huleta usingizi pia. Meflokwini, dawa ya kukinga malaria, haifai kwa rubani kwa sababu inaweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili.

Aliyekwenda pwani kupiga mbizi kwa mitungi naye asirudi angani haraka. Nitrojeni iliyoyeyuka katika damu yake inaweza kufanya mapovu kanieneo inapopungua. Saa 24 za kusubiri ni kipimo cha busara.

Ugonjwa wa kunyamaza

Hatari nyingi kati ya hizi huepukika mgonjwa akisema na mtabibu akiuliza. Tatizo ni ukimya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwahoji marubani zaidi ya 3,700 nchini Marekani, na zaidi ya nusu walikiri kuwahi kukwepa au kuficha jambo la tiba kwa hofu ya kupoteza cheti. Hivyo maumivu ya kifua huitwa kiungulia, na huzuni ya miezi mingi huitwa uchovu wa kazi.

Mara nyingi hofu hiyo huzidi ukweli. Shinikizo la damu lililodhibitiwa vyema kwa kawaida halimfungii mtu anga, na magonjwa mengi humzuia kwa muda tu, hadi tiba itulie. Linalofichwa ndilo hukua bila kutibiwa.

Kwa mtabibu, swali moja fupi linatosha kufungua mlango: "Je, unaendesha gari, mtambo au ndege?" Liulizwe kabla ya kuandika dawa yoyote inayoleta usingizi. Jibu likiwa ndiyo, mgonjwa aelezwe muda wa kusubiri na aelekezwe kwa daktari wa anga, bila vitisho.

Kwa rubani, kila safari ianze na maswali sita: Ninaumwa? Nimemeza dawa gani? Nina msongo wa mawazo? Nimekunywa pombe? Nimelala vya kutosha? Nimekula? Jibu moja likitia shaka, ndege ibaki chini. Bahari itakuwapo Jumamosi ijayo.