Mombasa Hadi Malindi: Barabara ya Akina Mama

Likizo ya Desemba inapokaribia, familia nyingi za bara huanza kuizungumzia Pwani. Baba anahesabu nauli, watoto wanauliza kama bahari ina mwisho, na mama anawaza nguo, chakula na dawa. Wengi wetu tukifika Mombasa huenda moja kwa moja ufuoni. Tunaoga baharini siku tatu, tunakula viazi karai na mabuyu, tunapiga picha, kisha tunarudi nyumbani.

Hakuna ubaya wowote katika hayo. Watoto wanahitaji kucheza na wazazi wanahitaji kupumzika. Lakini, dada msomaji, je, umewahi kuipita polepole ile barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi? Ni kilomita 120 hivi tu. Basi huimaliza kwa saa mbili au tatu. Hata hivyo, familia inayokubali kuitumia siku tatu itarudi na jambo ambalo halioshwi na maji ya chumvi. Kando ya barabara hiyo zimo habari za wanawake waliozaa, waliozika na waliosimama imara, na watoto wetu hawazijui kwa sababu hakuna aliyewaonyesha.

SIKU YA KWANZA: KISIWANI NA NG'AMBO YA NYALI

Anza asubuhi na mapema Fort Jesus, kabla jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593. Mwaka 1698 Waarabu wa Omani waliitwaa baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza, na sasa ni makumbusho. Waache watoto wapime unene wa kuta kwa mikono yao. Waulize: watu waliofungiwa humu miaka yote hiyo walikunywa nini? Walikula nini? Mtoto akianza kuwaza hivyo, historia imekoma kuwa orodha ya tarehe za kukariri.

Ukitoka hapo, pitia mitaa ya Mji wa Kale kwa miguu. Hapa ni kwa jirani zetu Waislamu, kwa hiyo vaa kwa heshima, jitande kanga, na usimpige mtu picha bila kumwomba ruhusa. Salamu njema hufungua milango mingi.

Kisha vukeni daraja la Nyali mwende upande wa Mkomani, karibu na maji, penye mnara wa ukumbusho wa Johann Ludwig Krapf. Mtu huyo anatajwa katika vitabu vingi. Alifika Mombasa mwaka 1844, akajifunza Kiswahili, na kwa msaada wa kadhi wa mji akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Lakini wewe mama, tafuta kaburi lililo karibu na mnara huo. Ni la mke wake, Rosine.

Rosine alifika hapa akiwa mja mzito. Tayari walikuwa wamemzika mtoto mmoja safarini upande wa Uhabeshi. Julai 1844 alijifungua binti, na homa ikamshika. Mumewe naye alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Siku chache baadaye Rosine alifariki, na mtoto akamfuata. Kabla ya kufa aliomba asizikwe kisiwani bali ng'ambo, bara, ili wapitao njia walione kaburi lake na wakumbuke kilichowaleta katika nchi hii. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi imeanza, wala si kwamba imekwisha.

Tunawasifu wamishenari wanaume kwa safari zao na kamusi zao, na ni haki yao. Lakini katika habari hii, yule aliyetoa vyote alivyokuwa navyo, pamoja na mtoto aliyemnyonyesha kwa siku chache tu, ni mama. Simama hapo kimya kidogo na binti zako.

Katika njia ya kurudi barabarani utapita Kisauni, mahali paitwapo Kengeleni. Makondakta hulitaja jina hilo mara mia kwa siku, na abiria wengi hawajui limetoka wapi. Kengele yenyewe ipo, imetundikwa pale pale njia panda. Ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Kengele ililia kuwaonya wakazi wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia. Fikiria mama wa Freretown aliyekuwa akipika jioni, akaisikia, akawakusanya watoto mbio. James Mbotela, mwana wa watu walioachwa huru, aliandika habari zao katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934. Ukikipata, wasomee watoto jioni hiyo kabla ya kulala.

SIKU YA PILI: BAMBURI, MTWAPA, KILIFI

Leo watoto wacheze. Simameni kwanza Bamburi, katika bustani ya Haller. Zamani palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, jangwa tupu la chumvi na vumbi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti hapo, na mvinje ndio uliokubali kushika mizizi. Leo ni msitu wenye twiga, viboko na samaki. Wengine mtakumbuka kisa cha Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi Desemba 2004, wakati wa mawimbi makubwa ya tsunami, akiwa ametengana na mama yake. Alipoletwa hapa alimwendea kobe mkubwa aitwaye Mzee, akawa anamfuata na kulala ubavuni mwake. Mtoto asiye na mama hutafuta wa kumwegemea. Hapo mzazi ana la kuwaambia wanawe kuhusu wenzao mayatima walio darasani au kanisani.

Baada ya daraja la Mtwapa, ingieni kulia kwenye magofu ya Jumba la Mtwana. Huu ulikuwa mji wa Waswahili wa karne ya 14, na msikiti wake ungali unatazama bahari. Pana kivuli cha mibuyu na upepo mzuri. Hapo ndipo pa kufungua kapu la chakula: mahamri, mayai, maembe na maji ya kutosha.

Mkiendelea mtayapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, kisha Kilifi, ambako daraja lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa feri, na wazee watawasimulia foleni zake. Kabla ya kuvuka, upande wa kusini, yapo magofu ya Mnarani, na ukiwa juu pale unauona mkono wa bahari unavyoingia bara. Laleni Kilifi. Nunueni korosho na madafu kwa akina mama wauzao kando ya njia, na msishindane nao bei hadi mkawaumiza. Shilingi hizo ndizo karo ya mtoto wa mtu.

SIKU YA TATU: GEDE NA MALINDI

Kutoka Kilifi barabara inaupita msitu wa Arabuko-Sokoke, msitu mkubwa kabisa uliobaki wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Ukimalizika mnafika Gede.

Gede ulikuwa mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17, ukafunikwa na miti. Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kuna kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399. Nyumba zake zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake, kama vile mkasi na bakuli la kaure. Watoto watashangaa kuona vyoo, mabafu na mifereji ya maji ya miaka mia sita iliyopita. Wataalamu wakieleza kwa nini watu walihama, hutaja visima kukauka na mashambulizi ya maadui. Mama yeyote aliyewahi kuamka usiku kutafuta maji anajua jinsi kisima kikavu kinavyoweza kuhamisha watu.

Hapo hapo upo mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wenyeji waishio kando ya msitu hufuga viwavi nyumbani, na vikishajifunga katika maganda yao huviuza, navyo hupelekwa ng'ambo kwa maonyesho. Hivyo familia hupata kipato bila kuukata msitu.

Ukifika Malindi utaonyeshwa nguzo ya Vasco da Gama, aliyepita hapa mwaka 1498, na kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti. Mwaka 1542 Francis Xavier, akiwa njiani kwenda India, alitua Malindi na kumzika baharia mmoja.

Lakini usiondoke Malindi bila kuiona sanamu ya Mekatilili wa Menza. Jina lake la utoto lilikuwa Mnyazi. Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili, kama vile sisi tunavyoitwa Mama Fulani. Mwaka 1913 serikali ya Waingereza ilipowadai Wagiriama kodi na vijana wa kufanya kazi mbali na kwao, mama huyu mjane alizunguka kijiji kwa kijiji akiwahimiza watu wakatae. Husimuliwa kwamba katika mkutano mmoja alileta kuku na vifaranga, akamwambia ofisa wa serikali ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku akamparura. Maana ilikuwa wazi: hivyo ndivyo tutakavyofanya mkitaka kuchukua wana wetu. Alikamatwa, akapelekwa mbali magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi kwao.

Mekatilili hakuwa Mkristo, na viapo vyake vilikuwa vya kaya. Hata hivyo, mama Mkristo hawezi kumtazama kuku yule asijitambue. Rosine alitoa mtoto wake kwa ajili ya nchi ya watu wengine. Mekatilili alikataa kutoa wana wa nchi yake kwa ajili ya faida ya wengine. Waeleze watoto habari zote mbili, na uwaache waulize maswali, hata yale magumu.

KURUDI KWA NJIA YA RABAI

Wanaorudi bara wasipite tena Mombasa mjini. Mkishavuka daraja la Kilifi kurudi kusini, shikeni njia ya Mavueni na Kaloleni hadi Rabai, kisha mtokee Mazeras kwenye barabara ya Nairobi. Rabai ndipo Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walipoanzisha kituo mwaka 1846. Leo pana makumbusho. Wa kwanza kubatizwa hapo hakuwa chifu wala tajiri, bali Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa. Na hapo pia alifia mke wa Rebmann, Emma, mwaka 1866, baada ya miaka mingi ya kazi.

KABLA YA KUFUNGA MIZIGO

Homa iliyomuua Rosine bado ipo Pwani. Sisi tunaotoka nyanda za juu miili yetu haijaizoea malaria, na mama mja mzito pamoja na watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi. Nenda kliniki kabla ya safari, uulize kuhusu dawa ya kinga inayokufaa. Chukua chandarua kwa kila kitanda. Mtu akipata homa njiani, au hata wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kwamba mlikuwa Pwani. Rosine hakuwa na chandarua wala kliniki. Wewe unavyo, basi usivipuuze.

Kuhusu fedha, safari hii haihitaji hoteli kubwa. Matatu hupita barabara nzima, na vyumba vya wageni vya bei nafuu vipo Kilifi na Malindi. Katika makumbusho ya taifa wananchi hulipa kidogo kuliko wageni. Keti na mumeo tangu sasa, mwafikiane kiasi cha kuweka kila mwezi katika kibubu. Na watoto wasiingie baharini kabla hamjawauliza wenyeji habari za maji kujaa na kupwa.

Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliwaamuru wasimamishe mawe kumi na mawili, ili watoto wao watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kujibu. Barabara ya Malindi imejaa mawe ya namna hiyo. Watoto wetu watauliza iwapo tutawafikisha hapo, na tutaweza kujibu iwapo tumejifunza. Basi likizo ijayo, mama, mwombe dereva asimamishe gari.