Vifaru vya rafuni: batri ndizo ziliamua ukubwa wao

Kifaru Tiger cha Ujerumani kilikuwa na uzito wa tani 57. Mfano wake wa plastiki unaenea katika viganja viwili: sentimita 24 hivi, mzinga ukihesabiwa. Vipimo ni vya kile cha kweli, vimegawanywa kwa 35.

Kipimo hicho cha 1/35, kinachopendwa sana na wakusanyaji wa magari ya Vita vya Pili vya Dunia, kilitokea karibu kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitaka kifaru chake cha plastiki, Panther, kitembee chenyewe. Kikapewa ukubwa wa kutosha kubeba mota na batri. Kilipopimwa baadaye, kikaonekana ni karibu 1/35. Kampuni zingine zikafuata, na leo lori, jeep na askari waliotengenezwa na watu mbalimbali wanasimama pamoja kwenye rafu moja.

Mashariki mwa Kongo, karibu kila gari la kupanda milima linaitwa jeep. Ile ya vita, Willys MB ya Marekani, ilikuwa fupi, mita 3 na sentimita 30 hivi. Rafuni haifiki sentimita 10.

Tiger zaidi ya 1.300 zilitengenezwa kati ya 1942 na 1944. Zilizobaki duniani hazifiki kumi. Nyingi zilichomwa ao zikayeyushwa kama vyuma vikuukuu. Moja ingali inatembea: Tiger 131, iliyokamatwa na Waingereza huko Tunisia katika mwezi wa nne 1943, sasa iko katika jumba la makumbusho la Bovington, Uingereza. Ndiyo sababu mkusanyaji wa kweli hachezi na vipimo. Ukiivalisha Tiger ya 1943 magurudumu ya chuma ya 1944, wenzako watakucheka.

Lakini kuna swali zito kuliko magurudumu. Sheria ya Ujerumani inakataza kuonyesha hadharani alama za Wanazi, na kampuni nyingi haziiweki swastika kwenye sanduku. Zingine huikata vipande, mnunuzi aiunganishe mwenyewe. Wakusanyaji wamegawanyika. Wengine wanasema kuiondoa ni kudanganya historia, wengine hawataki iingie nyumbani mwao. Na mtu aliyewahi kukimbia vita akibeba godoro kichwani ana haki ya kushangaa: kwa nini kitu hiki kipambwe?

Baadhi ya mafundi hawapambi. Wanapaka matope na kutu, wanakunja vyuma, wanaonyesha kifaru kilichokwisha kuungua. Wengine wananunua Tiger yenye vyumba vya ndani, wanapaka rangi viti vya watu watano: kiongozi, mpigaji, mpakiaji, dereva na mtu wa redio. Kisha wanabandika paa, na viti havionekani tena.