Si kila ukungu wa mahindi huua, lakini upo unaoua

Mama anayenunua mahindi katika soko la Madaraka mjini Thika aghalabu hufanya mambo matatu kabla ya kutoa pesa. Hutumbukiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, hutafuna punje moja asikie kama inaalika, kisha hunusa kiganja chake. Akisikia uvundo, au akiona vumbi la kijani limeshika vidoleni, huenda kwa mchuuzi wa pili. Desturi hiyo ni nzuri na isiachwe. Hata hivyo, msomaji, kuna jambo ambalo pua na meno hayawezi kulitambua, nalo ndilo lililowaua watu 125 katika sehemu za mashariki na kati mwa Kenya mwaka wa 2004.

Kati ya Januari na Julai mwaka huo, watu wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika walianza kuugua ugonjwa wa namna moja. Macho yaligeuka manjano, wakatapika, wakaumwa na tumbo, na wengine wakavimba miguu na matumbo. Wagonjwa waliohesabiwa walifika 317, na karibu wanne katika kila kumi walikufa. Dalili hizo zafanana sana na za maradhi ya ini yanayoletwa na virusi, lakini vipimo vilionyesha kwamba mkosaji alikuwa chakula. Mahindi yalikuwa na aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu, kwa kiasi cha kutisha.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981 watu 20 walilazwa hospitalini katika wilaya ya Machakos kwa sababu iyo hiyo, na 12 kati yao wakafa.

Wachunguzi wa mkasa wa 2004 hawakuishia hospitalini. Walizunguka masoko 65 katika wilaya zile nne, wakachukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake. Wakati huo sheria ya Kenya iliruhusu mikrogramu 20 za sumu hii katika kilo moja ya chakula. (Siku hizi kiwango ni 10.) Zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango hicho, na saba katika kila mia moja zilikuwa na zaidi ya mikrogramu 1,000. Thika, iliyokuwa na wagonjwa wachache kuliko wilaya zile nyingine tatu, ilipatikana na wastani wa mikrogramu 7.52, ilhali Makueni, iliyoumia zaidi, ilikuwa na 52.91. Mkaazi wa Thika asifurahi upesi, kwani wastani ni hesabu ya magunia mengi, na mtu hali wastani. Hula gunia lililo jikoni kwake.

Sasa tuulize swali ambalo wachunguzi nao waliuliza. Ukungu wa mahindi umekuwako tangu mahindi yalipoanza kulimwa hapa. Bibi zetu waliuchambua, wakautupa, wakapika githeri tukala. Mbona basi katika miaka fulani ukungu huo uue watu kwa makumi?

Jibu limo katika kazi ambayo watu wengi huiona kuwa ya kupoteza muda, yaani kazi ya wale wataalamu wanaokaa na darubini wakizipa kuvu majina na kuzitenga koo kwa koo. Jamii hii ni kubwa mno. Humo mna ukungu wa mkate, hamira ya kuumulia mandazi, uyoga ambao Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja kimewafundisha wakulima kuukuza, na vilevile likeni, yale mabaka ya kijivu na kijani yanayoshika mashina ya mikahawa na kuta za mawe huko Ruiru. Likeni ni kuvu na mwani walioungana wakaishi kama kiumbe kimoja. Aina za kuvu zilizokwisha kupewa majina ulimwenguni zapita 100,000, na makadirio yaliyotolewa mwaka wa 2017 yalisema huenda zote kwa jumla ni kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8. Kwa hivyo nyingi bado hazina hata jina.

Ukoo unaotuhusu leo ulipewa jina mwaka wa 1729 na kasisi wa Italia, Pier Antonio Micheli. Alipoutazama kwa darubini aliona kijiti chenye kichwa cha mviringo kilichojaa vumbi, akakumbuka kile chombo cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani. Akauita Aspergillus. Ndugu mmoja wa ukoo huo, mwenye rangi ya kijani kinachoelekea manjano, aliitwa Aspergillus flavus mwaka wa 1809. Kwa zaidi ya miaka 150 hakuna aliyemwogopa. Kisha mwaka wa 1960 bata mzinga wapatao 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya njugu, na ndipo sumu yake ilipogunduliwa. Hata neno aflatoksini limetokana na jina lake, a ya Aspergillus na fla ya flavus.

Ajabu ni kwamba flavus huyo huyo ana jamaa wasio na dhara lolote. Ukungu ambao Wajapani huutumia kutengeneza ile sosi nyeusi ya soya ni wa damu yake, ila ulifugwa kwa karne nyingi hata ukawa kama mbwa aliyetokana na mbwamwitu. Hata huko shambani, flavus wengi hutoa sumu kidogo tu, na wapo wasiotoa kabisa.

Mwaka wa 1989 mtaalamu wa Marekani, Peter Cotty, akichunguza mashamba ya pamba ya Arizona, alionyesha kwamba flavus wamo wa namna mbili. Ukiwakuza maabarani, hufanya vidonge vigumu vyeusi ambavyo kuvu hutumia kujihifadhi wakati wa shida. Namna ya kwanza hufanya vidonge vikubwa vichache. Namna ya pili hufanya vingi sana, kila kimoja kikiwa chini ya milimita 0.4, na hiyo ndiyo yenye kutoa sumu nyingi. Kwa macho ya mnunuzi sokoni, zote mbili ni vumbi la kijani tu.

Mahindi ya mkasa wa 2004 yalipopimwa kwa njia hiyo, mambo yakafunuka. Tangu 1981 hakuna aliyekuwa ametambua barabara ni kuvu gani hasa iliyokuwa ikiua Wakenya. Mwaka wa 2007 Cotty na wenzake, Claudia Probst na Henry Njapau, walitangaza kwamba mahindi ya sehemu zilizoathiriwa yalikuwa yamejaa wale wa vidonge vidogo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba katika sehemu za Kenya zisizokuwa na vifo, kuvu hiyo ilikuwa adimu. Na vinasaba vyake vilipolinganishwa, ikaonekana kwamba hii ya Kenya si sawa na ile ya vidonge vidogo inayopatikana Marekani. Ina nasaba yake yenyewe.

Watu wa Ruiru hawatashangaa sana wakisikia haya, kwa maana yaliwapata katika kahawa. Ugonjwa wa kuoza kwa matunda mabichi ya kahawa uligunduliwa Kenya mwaka wa 1922. Taabu ilikuwa kwamba kwenye matawi ya mkahawa huishi kuvu nyingine za ukoo uo huo wa Colletotrichum, zinazofanana nayo lakini hazigusi tunda bichi. Ukiokota kuvu yoyote tawini ukadhani umempata mwizi, umekosea. Mwaka wa 1993 ile inayooza matunda ilitengwa rasmi na kupewa jina lake, Colletotrichum kahawae. Naam, kahawae, kutokana na neno letu kahawa. Kabla ya hapo, mwaka wa 1985, kituo cha utafiti cha Ruiru kilikuwa kimekwisha kutoa mkahawa unaostahimili ugonjwa huo, ule unaoitwa Ruiru 11. Mimi huona fahari kidogo nikikuta neno la Kiswahili katikati ya Kilatini, hata kama limepewa adui.

Faida ya kumjua adui wa mahindi ni ipi? Ni kwamba imewezekana kumpeleka ndugu yake apigane naye. Wanasayansi walitafuta katika mashamba ya Kenya flavus wasiotoa sumu, wakachagua wanne, wakawapaka kwenye punje za mtama uliouliwa usiote. Dawa hiyo inaitwa Aflasafe KE01, na hutengenezwa Katumani, Machakos, chini ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Mkulima huinyunyiza shambani, kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu hizo njema huwahi kukalia nafasi, na ile mbaya inapofika hukuta mahali pamejaa. Kama una shamba, uliza habari zake kabla ya msimu, kwani mahindi yakishakomaa huwa umechelewa.

Lakini wasomaji wengi wa ukurasa huu hawalimi. Wananunua gorogoro mbili sokoni, au wanaletewa debe na shangazi kutoka nyumbani, au wanachukua unga dukani. Kwao neno la kwanza ni unyevu. Mwaka wa 2004 waliougua zaidi walikuwa wale waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba. Mahindi ya kuwekwa yafaa yawe na unyevu usiozidi 13.5 kwa mia. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kiasi cha kijiko, jaza punje za mahindi hadi robo, funga, utikise vizuri, kisha uache kwa dakika kumi. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi hayo bado ni mabichi. Yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na gunia likae juu ya mbao mbali na ukuta. Mfuko wa plastiki kwa mahindi yasiyokauka ni kama kuyaatamia.

Pili ni kuchambua. Ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi au zilizonyauka, kwani humo ndimo sumu hujilundika. Kukoboa ganda kama wafanyavyo Wakamba katika muthokoi hupunguza sumu pia, ingawa haiimalizi. Kinachowadanganya wengi ni moto. Kuvu hufa sufuriani, lakini sumu iliyokwisha kuachwa haiondoki kwa kuchemsha githeri saa tatu wala kwa kusonga ugali ukakauka. Kuosha mahindi yenye ukungu mpaka yang'ae nako ni kujitia moyo tu. Na punje iliyo safi machoni yaweza kuwa na sumu, ndiyo maana nasema macho peke yake hayatoshi.

Unga wa pakiti nao si kinga kamili. Mnamo Novemba 2019 shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Penye mashine ya kusaga mtaani angalau unaweza kuchambua mahindi yako mwenyewe kabla hayajaingia.

Sumu hii haiui kwa ghafla tu. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na hatari huongezeka sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Watoto wachanga nchini Kenya wamekuwa wakichanjwa dhidi ya virusi hivyo tangu mwishoni mwa 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo wanaweza kupimwa, na wasio navyo wakachanjwa.

Sasa lile linalonikera zaidi. Mtu wa Ruiru au Thika afugaye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba huyatupa mahindi mabovu kwenye hori na kujiona ameokoa hasara. Ng'ombe huyala, na sehemu ya sumu hiyo hutoka katika maziwa ikiwa imegeuka umbo kidogo, wala kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Maziwa hayo hunywewa na mtoto wa nyumba iyo hiyo au wa jirani. Kuku nao hudhurika na chakula hicho, na ni hatari hata kukifanya pombe. Mahindi yaliyooza yafukiwe shimoni.

Mwishowe, iwapo watu wawili au watatu waliokula chungu kimoja wamegeuka manjano macho, wanatapika na tumbo linawauma, msingoje dawa za mitishamba. Sumu hii haina dawa ya kuizima, lakini mgonjwa aliyewahi kufika hospitalini husaidiwa mwili ustahimili, na waliobaki nyumbani huzuiwa wasiendelee kula. Mnapokwenda, chukueni kiasi cha mahindi yale yale katika mfuko wa karatasi mkampe daktari.