Bia ya Kegi Kisumu: Bei Yashushwa Vipi, na Nani Anayelipa?

Huenda msomaji ukauliza: Mwislamu wa Pwani na bei ya bia, wapi na wapi? Jawabu ni kuwa bei ya pombe si siri ya mnywaji na muuzaji peke yao. Yamhusu mke anayengoja pesa za unga, mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na mlipa kodi ambaye hajapata kuonja hata tone. Jamaa zetu wengi wanaishi Kisumu, Kaloleni na Manyatta, na mambo haya wanayaona mlangoni. Basi natuyaeleze kwa utaratibu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 2014 kampuni ya Kiingereza ya JD Wetherspoon, inayosifika kwa baa za bei nafuu, ilifungua baa yake ya kwanza katika Jamhuri ya Ireland, mtaa wa Blackrock karibu na Dublin. Ilikuja na bei za chini kiasi cha kutoelewana na wenye Guinness, na bia hiyo, fahari ya Ireland, ikakosekana kwenye baa hiyo. Wanywaji walifurahi. Serikali ya huko lakini ilikuwa na hesabu nyingine. Kuanzia Januari 4, 2022, sheria ya Ireland inakataza pombe kuuzwa chini ya senti 10 za yuro kwa kila gramu ya kileo. Hoja yao ni nyepesi kufahamu: bei ikishuka, watu hunywa zaidi, na wanaoumia mbele ni walevi sugu na vijana.

Kenya ilishika njia ya kinyume, nayo haikuishika bila sababu. Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, wengi wao mtaa wa Mukuru kwa Njenga, baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Wengine walibaki vipofu. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Pombe za namna hiyo zilikwisha pata jina: kumi kumi, kwa sababu glasi iliuzwa shilingi kumi. Maskini hakuchagua sumu. Alichagua bei, na sumu ikaja ndani yake.

Baada ya msiba huo likazuka wazo: mpe maskini bia halali ambayo ataimudu, ataiacha ile ya sumu. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ikaleta Senator Keg. Hapa ndipo penye siri ya bei. Kwanza, serikali iliisamehe ushuru wa bidhaa, ule unaofanya chupa ya bia ya kawaida kuwa ghali. Pili, haiwekwi kwenye chupa. Husafirishwa kwa mapipa ya chuma na kumiminwa vikombeni, hivyo gharama ya chupa, lebo na kifuniko haipo. Tatu, kanuni za msamaha zinataka itengenezwe kwa mazao ya hapa kama mtama, si shayiri. Ukijumlisha hayo matatu, unapata kikombe ambacho mtu wa kibarua anaweza kukinunua na abaki na nauli.

Mwaka 2013 serikali ilikuwa na haja ya pesa, ikapunguza msamaha huo hadi nusu. Bei ikapanda na mauzo ya kegi yakaporomoka vibaya. Mei mwaka uliofuata, makumi ya watu wakafa kwa pombe yenye methanoli sehemu za Embu, Kiambu na Kitui. Si haki kusema jambo moja ndilo lililozaa la pili, maana wauaji ni wale waliochanganya sumu. Lakini wenye kutetea kegi walipata hoja, na mwaka 2015 msamaha ukarudishwa hadi asilimia 90.

Sasa tuingie Kisumu. Kiwanda cha bia cha huko kilikuwa kimefungwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na mji ukapoteza ajira nyingi. Mwaka 2017 ikatangazwa kuwa kitajengwa upya kwa shilingi bilioni 15, na mwaka 2019 kikaanza kazi, kegi ikiwa ndiyo bidhaa yake kuu. Wakulima wa mtama wa Siaya, Homa Bay, Migori na Busia wakapata soko karibu. Kwa hiyo anayesema kegi ipandishiwe ushuru anagusa pia shamba la mjane wa Siaya aliyepanda ekari moja ya mtama. Hilo lazima lisemwe, hata na sisi tusiokunywa.

Lakini je, kegi imeua chang'aa Kisumu? Nenda Obunga ukajionee. Mtaa ule unajulikana kwa mambo mawili: mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki inayokaangwa baada ya minofu kwenda viwandani, na chang'aa. Molasi yapatikana, maana mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni hayako mbali. Wapikaji wengi ni akina mama, na pesa hizo ndizo wanazolipia karo. Chang'aa hailipi ushuru wowote, na kwa tone la kileo bado ni rahisi kuliko kegi. Sheria ya mwaka 2010 iliihalalisha kwa masharti ya leseni na vipimo, lakini mama wa Obunga atatoa wapi mtaji wa kutimiza masharti hayo?

Hapo ndipo utaona kwa nini dawa ya Ireland haiwezi kunywewa Kisumu vivi hivi. Kule, karibu pombe yote hupita dukani au baa yenye leseni, kwa hiyo serikali ikiweka bei ya chini kabisa, mnywaji hana pa kukimbilia. Huku, ukiipandisha ya baa, ipo ya uchochoroni. Na ukiishusha ya baa, unavuta hata yule ambaye hakuwa akinywa.

Sisi Wapwani tusijifanye wageni wa habari hii. Mangwe za mnazi ziko Kilifi na Kwale, na hoja ya mgema ni ile ile ya mama wa Obunga. Na Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipopiga marufuku muguka, tuliambiwa kuna wakulima wa Embu watakaolala njaa, na mahakama ikasimamisha amri ile. Kilio cha mkulima ni cha kweli, na cha mzazi wa Kisauni ni cha kweli pia. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara, haikukanusha kuwa kileo kina manufaa kwa watu. Iliyaweka kwenye mizani, ikaeleza kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake.

Basi mizani hiyo tuitumie. Anayepata shilingi 500 kwa siku akaacha 200 kwenye kegi, ametoa sehemu mbili katika tano za chakula cha nyumba yake, na hesabu hiyo haimo katika bajeti ya Nairobi. Katiba imewapa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Kaunti hukusanya ada za baa, na kila baa mpya ni mapato. Tuwaulize wawakilishi wa wadi, Kisumu na huku kwetu: katika ada hizo, ni shilingi ngapi zinazorudi kumtibu aliyekwisha zama? Kuna vitanda vingapi vya tiba ambavyo maskini anaweza kulazwa bila kuuza kiwanja? Na mama anayetaka kuacha kupika chang'aa, amewekewa mkopo gani usio na riba aanze kuuza samaki?

Wanasema wahenga, rahisi inavunja upishi. Kegi ni rahisi kwa anayeinunua kwa sababu sehemu ya bei yake inalipwa na wengine: hazina ya taifa kwa ushuru uliosamehewa, na nyumba ya mnywaji kwa sahani zisizojaa. Ikiwa serikali imeona inafaa kusamehe ushuru ili bia iwe nafuu, basi isione tabu kutenga kiasi kama hicho kwa ajili ya tiba ya wanaotaka kuiacha.