Mwalimu Hasemwi Mbele ya Wanafunzi

Februari 2009, Mkuu wa Wilaya ya Bukoba, Albert Mnali, aliamuru walimu 19 wa shule tatu za msingi wachapwe viboko, na askari polisi ndiye aliyeshika fimbo. Walidaiwa kuwa watoro na wachelewaji, na wanafunzi wao kufanya vibaya mitihani. Rais Jakaya Kikwete alimwondoa mkuu huyo madarakani. Nchi nzima ilishtuka, na ilikuwa na haki ya kushtuka. Lakini wazo lililomtuma halikuondoka pamoja naye: kwamba mwalimu akiaibishwa vya kutosha, atafundisha vizuri.

Wazo hilo lipo hata huku Kilimanjaro, bila fimbo. Kuanzia Moshi mjini hadi Kibosho, Marangu na Rombo, shule za serikali, za makanisa na za watu binafsi zinagombea matokeo kwa nguvu. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, ila ndani ya ofisi za walimu orodha bado zinabandikwa: somo, jina la mwalimu, wastani, nafasi. Kujua wastani wa somo lako ni sehemu ya kazi. Kinachoharibu ni kugeuza wastani huo kuwa silaha ya kumsema mtu mbele ya wenzake.

Tazama daftari la mahudhurio. Muda wa kuripoti ukifika, mkuu wa shule hupiga mstari kwa kalamu nyekundu, na anayefika baadaye husaini chini yake. Mwezi wa Aprili, masika yakikolea, mwalimu anayepanda kutoka mjini kwenda shule ya juu milimani hukuta bodaboda imegoma kwenye utelezi. Anamalizia kwa miguu, anafika na tope hadi magotini, anasaini chini ya mstari. Hadi hapo hajavunjiwa heshima. Mstari ule ni kumbukumbu halali. Ila mkuu akilibeba daftari hadi paredi na kuwasoma waliochelewa mbele ya wanafunzi, amemnyang'anya mwalimu darasa lake. Mchana, atakapomwambia mwanafunzi wa kidato cha pili aache kupiga kelele, atasikia kicheko kutoka dawati la nyuma.

Utaratibu wa kumrekebisha mwalimu upo na haujifichi. Kwa shule za serikali, makosa mepesi humalizwa na mkuu wa shule, na makosa mazito hupelekwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kwa shule binafsi, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa apewe tuhuma zake kwa maandishi, apate angalau saa 48 za kujiandaa, na aingie kwenye kikao na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake. Wakuu wengi huona hayo ni urasimu. Mimi naona ndiyo heshima yenyewe, maana mtu anayesikilizwa kabla ya kuhukumiwa hurudi darasani akiwa bado mwalimu.

Tunapozungumzia wafanyakazi wa shule, tusiishie ofisi ya walimu. Shule ya bweni ina wapishi, matroni, walinzi, dereva, mhasibu na mtunza stoo. Mama anayeamka saa tisa usiku kuchochea moto wa uji wa wanafunzi mia kadhaa anaweza kuwa na umri wa mama yake mkuu wa shule. Mwalimu kijana aliyetoka chuo mwaka jana hampi shikamoo, humwita "wewe wa jikoni," na hakuna anayemkanya. Wanafunzi wanaona, na wao pia humwita hivyo. Mara nyingi mama huyu hana mkataba wa maandishi, hana likizo, na hajawahi kualikwa kwenye kikao chochote. Shule inayotaka kujua hali yake ya heshima ianzie jikoni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi na inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi unapotokana na mambo kama kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu au hali ya maisha. Hapa kwetu niseme wazi jambo moja. Kikao cha walimu kinachoanza kwa Kiswahili kikaishia kwa Kichaga kinamfungia mlango mwalimu aliyetoka Dodoma au Kagera. Anakaa pale akitazama wenzake wakicheka, hajui kama ndiye anayechekwa. Hata Mmachame aliyepangiwa Rombo hupata shida hiyo. Lugha ya nyumbani ni tunu, itumike wakati wa chai. Maamuzi ya kazi yafanyike kwa lugha ambayo wote waliomo wanaielewa.

Zito zaidi ni unyanyasaji wa kingono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki nyingine. Mwalimu wa kujitolea anayesubiri kuajiriwa, au wa mazoezi anayesubiri kujaziwa fomu, yuko kwenye hatari hiyo hasa. Na hapa ndipo desturi yetu hutumika vibaya. Wachaga tuna isale, jani ambalo aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Desturi hiyo imepatanisha majirani waliogombea mpaka wa kihamba (shamba la ukoo) na ndugu waliokosana, nami naithamini. Kati ya mkuu wa shule na matroni aliyeshikwa naye kwa nguvu, haifai. Matroni hawezi kukataa msamaha wa mtu anayeshikilia mshahara wake. Wazee wa bodi wanaosema "tuyamalize kifamilia" humwacha mkosaji na ofisi yake, na msichana mwingine huajiriwa muhula unaofuata.

Kwa hiyo bodi ya shule iteue wapokea malalamiko wawili, mwanamke na mwanamume, na angalau mmoja asiwe chini ya mkuu wa shule. Majina na namba zao zibandikwe ofisini, jikoni na kwenye kibanda cha mlinzi. Kila lalamiko liandikwe tarehe, na mlalamikaji aambiwe atajibiwa lini. Hilo halihitaji bajeti, na linaweza kufanyika kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Mfanyakazi wa shule binafsi ajue pia kwamba mateso yakimlazimisha kuandika barua ya kuacha kazi, sheria inaweza kuhesabu kuwa ameachishwa. Shauri hilo hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Bodi ikikuomba uvumilie, endelea kuzihesabu siku hizo.