Rangi Isiyotoka Kikapuni

Mama akinunua kikapu chenu hapo sokoni Nyakoe, mvua inyeshe, rangi imchafulie nguo, je, atarudi? Harudi ng'o, na majirani watasikia.

Wapendwa wanakikundi, rangi za mimea si jambo geni. Mwingereza William Perkin alitengeneza rangi ya zambarau ya kiwandani mwaka 1856. Kabla yake, karibu nguo zote za rangi duniani zilitiwa rangi za mimea, wadudu au udongo. Hata watu wa Skandinavia, miaka 1,000 na zaidi iliyopita, walichemsha mizizi kupata nyekundu na majani kupata buluu. Kazi kubwa ni kuifanya rangi ishike. Kwa nusu kilo ya katani, fanyeni hivi:

1. Osheni katani kwa sabuni, msuuze.
2. Yeyusheni gramu 75 za shabu katika maji moto. Lowekeni katani usiku kucha. Shabu ndiyo hushikisha rangi.
3. Chemsheni nusu kilo ya maganda makavu ya vitunguu kwa saa moja, mchuje.
4. Tieni katani humo, moto mdogo, saa moja. Ikipoa, suuzeni, mwanike kivulini.

Mtapata manjano iliyoiva. Mkitaka hudhurungi, chemsheni magome ya muwati. Mkiongeza misumari yenye kutu, rangi itakuwa nyeusi zaidi. Chukueni magome ya mti uliokwisha katwa, kwani mti ukichunwa pande zote hufa.

Sufuria hiyo isipikiwe chakula tena.

Kabla ya kuuza, osheni kipande kimoja, mkianike juani wiki nzima huku nusu yake imefunikwa. Nusu zote mbili zikifanana, pelekeni sokoni bila wasiwasi.