Winchi ya Kurushia Paraglaida: Injini Ndogo, Mkono Mwepesi

Anayeruka kwa paraglaida kutoka ukingo wa Iten, juu ya Bonde la Kerio, hana haja na winchi. Anatandaza bawa lake la kitambaa, anakimbia hatua chache, ardhi inaisha na safari imeanza. Uholanzi bara, kilima kirefu kuliko vyote, Vaalserberg, hakifiki hata mita 330. Huko, na kwenye tambarare za kaskazini mwa Ujerumani, rubani asipovutwa habanduki chini. Nevil Hulett naye, alipoweka rekodi ya dunia ya kilomita 502.9 mwaka 2008, aliondokea Copperton, kwenye nyika kavu ya Afrika Kusini, kwa kuvutwa na kamba.

Winchi ya kusimama hukaa mwisho wa kiwanja, imefungwa barabara isisogee. Kamba inakokotwa, mara nyingi kwa pikipiki, hadi upande wa pili, mita 800 au 1,000 hivi. Rubani anaunganishwa, winchi inakunja, naye anapanda akiielekea, upepo ukimjia usoni. Urefu wa kamba ndio unaoamua atafika wapi: kwa kawaida hupata kama theluthi yake. Kamba ya mita 1,000 itakupa mita 300 na ushei, na upepo ukikubali, 400.

Swali ninalokutana nalo kila mara ni la injini. Watu wakisikia mtu anapandishwa angani, wanafikiria injini ya lori. Hebu tupige hesabu. Rubani mmoja huvutwa kwa kilo 70 hadi 90. Tuchukue 80, yaani nyutoni karibu 800. Paraglaida huenda angani kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde hivi, na siku isiyo na upepo kamba haina sababu ya kukunjwa haraka zaidi ya hapo. Zidisha: wati 8,000, kama farasi 11. Hiyo ni injini ya bodaboda. Wajenzi wengi huweka kubwa zaidi, maana injini isiyohangaika huvuta kwa utulivu, lakini anayejisifia ukubwa wa injini yake bado hajaelewa kazi iliyo mbele yake.

Kazi yenyewe ni kutawala mkazo. Mtoto anayerusha tiara husikia uzi kidoleni, akaulegeza kabla haujakatika. Mwendesha winchi yuko kilomita moja kutoka kwa rubani, na injini haina kidole. Rubani akiingia kwenye hewa ya joto inayopanda, bawa huinuliwa ghafla. Pipa la winchi linalokunja kamba likiendelea kwa mwendo uleule, mkazo unaruka juu kufumba na kufumbua. Kwa hiyo winchi nzuri hufuata mkazo na kuiacha kasi ijipange yenyewe: hewa ikimbeba rubani, pipa hupunguza mwendo, na ikibidi husimama au kurudisha kamba. Wengine hulifikia hilo kwa haidroli, wengine kwa giaboksi otomatiki, na siku hizi mota za umeme zinaongezeka. Ukiwa na fedha kidogo, nunua kwanza kipima mkazo cha kuaminika.

Sasa tuiangalie kamba. Zamani ilikuwa waya wa chuma. Leo wengi wanatumia Dyneema, nyuzi zilizobuniwa katika kampuni ya DSM ya Uholanzi. Ina unene wa milimita 2 au 3 na ni nyepesi kiasi cha kuelea majini. Upande wa rubani kuna parachuti ndogo. Akishaachia kamba, inafunguka na kuishikilia hewani wakati winchi inaikunja, isije ikaangukia barabara au nyaya za umeme. Karibu nayo kuna kiungo kilichotengenezwa makusudi kikatike kwa mkazo wa kilo 150 hivi, kabla bawa au mtu hajaumia. Na kwenye mikanda ya rubani kipo kifyatuo, ambacho lazima kifunguke hata kamba ikiwa imekazwa kweli.

Upande wa winchi kuna kisu. Kamba ikijibana kwenye pipa na rubani ameshindwa kufyatua, mwendeshaji anaikata. Kijaribuni kisu hicho kwa kamba ileile mnayorushia. Dyneema huteleza, na kisu kilichokata waya bila shida kinaweza kuikwaruza tu.

Hatari kubwa iko mita 50 za kwanza. Winchi ikivuta kwa pupa, rubani hutangulia na bawa hubaki nyuma yake. Linaacha kuruka naye hana urefu wa kujiokoa. Kwa hiyo mkazo huanza kidogo na kuongezwa polepole, rubani akishaonekana yuko salama. Jambo la pili ni bawa kugeukia pembeni. Hapo kamba huzidi kulilaza upande uleule, na anayeongeza mvuto akidhani anamnyoosha rubani anamwangusha. Mwendeshaji apunguze, na rubani asiporudi kwenye mstari aachie.

Mawasiliano yawe ya redio koli, na taa au bendera za akiba. Amri ziwe fupi na ziwe zilezile kila siku, na neno la kusimamisha aruhusiwe kulitamka yeyote aliyeko uwanjani.

Ujerumani, mwendesha winchi ana cheti chake mwenyewe, mbali na leseni ya rubani, na naona ndiyo sahihi, kwa sababu katika sekunde hizo za mwanzo yeye ndiye anayeamua zaidi. Atakayetaka kufunga mtambo huu kwetu atafute kwanza mtu wa namna hiyo amfundishe. Pia kamba inayofika mita 400 ni kizuizi kwa ndege. Kabla hujanunua hata mita moja ya Dyneema, chukua ramani ya kiwanja chako uende mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako.